Mtani wa Kuajiriwa

Mutayoba ni Mhaya wa Kamachumu ambaye hajawahi kujisifu, na kwa sababu hiyo kuna watu Mwanza wasioamini kwamba ni Mhaya. Anakaa Nyakato, nyuma ya viwanda, kwenye nyumba aliyoichora mwenyewe na kuijenga taratibu, mpaka watoto wakakua na kuhama kabla haijapakwa rangi. Maisha yake yote ya ajira alichora ramani za majengo ya watu wengine: choo hapa, dirisha pale, ngazi isimtoe mzee pumzi. Ni mrefu, mkimya, na usoni mwake husomi kitu. Mkewe, Leonsia, anasema siku alipomwambia kwamba ana mimba ya kwanza, Mutayoba aliuliza kama chumba cha pili kina hewa ya kutosha.

"Alifurahi," Leonsia humtetea. "Ila ilibidi nisubiri mpaka Jumapili ndipo nijue."

Kuchora maneno ya watu alianzia kwenye vikao vya kazi. Alitakiwa aandike yanayosemwa, lakini wasemaji walikuwa wengi na wote walisema kwa pamoja, basi akawa anachora. Mkandarasi akisema saruji imechelewa, Mutayoba anachora lori limelala ubavu. Mhandisi akisema kosa si lake, anachora mtu anayemwonyesha mwenzake kidole, na mwenzake anamwonyesha mwingine, mpaka mduara unafungwa pale pale kwa mhandisi. Watu wakagundua kwamba wakiitazama karatasi moja wanakikumbuka kikao kizima, hata yale ambayo wangependa kuyasahau. Alipostaafu, hiyo ikawa ndiyo kazi yake. Mwanza ya siku hizi ina mikusanyiko ya wabunifu karibu kila Jumamosi. Wanakuja washairi, wanakwaya, mafundi cherehani, wapiga picha, kina mama wa dagaa wanaotaka kubuni mfuko mpya wa kufungia bidhaa, na kila mmoja ana wazo na anataka kulisema lote. Mutayoba huitwa kuyachora ukutani yanayosemwa, na kuwafundisha wengine nao wachore.

Aliyemzoesha huko ni Mashimba.

Mashimba alikuwa Msukuma wa Kisesa, upande wa kwenda Bujora, na kazi yake ilikuwa ushereheshaji. Harusi, kipaimara, mahafali, uzinduzi wa kisima, popote penye kipaza sauti ungemkuta. Alikuwa mnene, mpenda mashati ya maua, na mdomo wake haukuwa na likizo. Siku ya kwanza walipokutana, kwenye ghala la zamani la pamba lililogeuzwa ukumbi, alimkuta Mhaya huyu amesimama kando ameshika kalamu zake. Akamzunguka mara moja kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani, kisha akafungua kipaza sauti.

"Ndugu zangu, nimetembea nchi hii, nimeona mengi. Lakini nshomile, msomi wa Kihaya, ambaye tumekaa naye tangu asubuhi na bado hatujaijua shule aliyosoma? Huyu ama anaumwa, ama ametoroka kwao."

Ukumbi ukaangua kicheko. Mutayoba alitafuta la kujibu. Alilipata Jumanne, akiwa bafuni. Lilikuwa jibu zuri sana, na hapakuwa na mtu wa kumpa.

Sasa, utani una wenyewe. Ukoo wa Mashimba ulikuwa na watani wake wanaojulikana, watu wa Tabora, tangu enzi za mababu, na Wahaya hawakuwamo. Mashimba hakuliona hilo kuwa tatizo.

"Watani wangu wako mbali," alimwambia Mutayoba wakati wa chai. "Mimi nahitaji wa karibu. Nakuajiri wewe."

"Kazi yenyewe ni ipi?"

"Kunitukana."

Mutayoba alisema ataifikiria. Mashimba akacheka mpaka chai ikamwagika, na tangu siku hiyo wakawa pamoja.

Warsha zao zilikuwa hivi. Mashimba anasema, Mutayoba anachora, halafu watu wanaambiwa wafanye vivyo hivyo. Mutayoba hufundisha kwa sauti ya mtu anayesoma mita ya umeme. Duara ni kichwa. Mstari ni mwili. Mshale maana yake "kwa hiyo". Usifute, kwa sababu aliyesema naye hawezi kufuta. Na kubwa kuliko yote, neno usiloweza kulichora bado halijasemwa, kwa hiyo muulize msemaji, "Kwa mfano?" Mtu akisimama akasema jamii yetu inakabiliwa na changamoto mbalimbali, Mutayoba huiacha kalamu hewani na kuuliza bila kugeuka, "Kwa mfano?" Mtu akisema cha msingi ni ushirikiano, "Kwa mfano?" Kuna mgeni rasmi mmoja aliulizwa hivyo mfululizo, mwisho akaketi, akasema mfano hana ila atautafuta. Nadhani bado anautafuta.

Mashimba aliipenda "Kwa mfano" ile kuliko kitu chochote. Aliwaambia washiriki kwamba Mutayoba alipokuwa anachumbia, Leonsia alimwambia "nakupenda", na wote tunajua alichojibiwa.

Mutayoba alikuwa anachora.

Kuna siku walikwenda Kigongo, daraja likiwa bado nguzo tupu majini, kuwasikiliza kina mama wauza chakula pale kivukoni. Kina mama walisema yao: abiria wa kivuko ndio wateja, daraja likifunguliwa magari yatapita bila kusimama, nani atakula sato wao? Mutayoba aliyachora yote kwa haraka, vichwa vya duara na miili ya mstari mmoja. Alipomaliza, mama mmoja aliitazama karatasi kwa muda mrefu.

"Baba, hawa wagonjwa ni akina nani?"

"Ni nyinyi," Mutayoba akasema.

Mama akaivuta karatasi karibu.

"Sisi? Mbona tumekwisha hivi? Nani kakwambia kwamba hapa hatuli?"

"Msameheni," Mashimba akaingilia. "Kwao hawachori mwili. Wanachora akili peke yake, ndiyo maana amekosa cha kuchora kwake mwenyewe."

Kwa kuwa sheria yake mwenyewe inakataza kufuta, Mutayoba aliongeza. Aliongeza matumbo, makalio, mashavu na vitenge, mpaka kina mama wakaridhika na kuanza kuonyeshana nani ni nani. Tangu hapo watu wake wote ni wanene. Amechora vikao vya wataalamu wa lishe akawanenepesha wote, na hakuna aliyelalamika.

Miaka ikaenda hivyo. Mashimba akitukana, Mutayoba akinyamaza, na kila mara jibu likimjia akiwa kitandani au kwenye foleni ya mashine ya kusaga. Leonsia alikuwa anayasikia majibu hayo yeye peke yake, na anasema mengine yalikuwa mazuri kweli.

Kisha ikaja Jumamosi moja kwenye lile ghala, pale Nyakato, ukumbi umejaa, na Mashimba kakolea. Akamshika Mutayoba bega mbele za watu.

"Nasema mbele ya mashahidi. Siku nikifa, mtani wangu ni huyu. Asiponitukana, msinizike. Nitakaa hapo hapo mbele yenu mpaka aseme."

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Mashimba akashusha kipaza sauti chini, akamsogelea karibu.

"Sitanii, Mhaya."

"Nimesikia," Mutayoba akasema.

Mashimba alikufa mwaka huo huo, kabla mvua za vuli hazijaanza. Ni presha. Rebeka, mkewe, anasema walikuwa wamemaliza kula na alikuwa katikati ya hadithi, na mpaka leo hajui iliishia wapi.

Leonsia ndiye aliyempa Mutayoba habari, kwa sababu Rebeka alimpigia yeye. Mutayoba alikaa kwenye kiti cha jikoni, akakaa, na safari hii Leonsia hakuhitaji kusubiri Jumapili. Alilia kama mtu asiyejua namna ya kulia, bila mpangilio, akiomba radhi kila alipovuta pumzi. Alipotulia, alisema jambo moja tu.

"Kazi aliyoniajiri sijaifanya hata siku moja."

"Na wala usiifanye," Leonsia akasema. Yeye ni mtu wa kunyoosha maneno. "Baba Koku, nisikilize. Mashimba alikuwa anacheza. Wale ni watu wenye taratibu zao, na wewe si mtani wao, kwa kabila wala kwa ukoo. Ukimtania maiti wao bila haki, hilo si utani tena, ni tusi, na tusi la msibani halifutiki. Kaa kimya. Si ndicho unachokiweza?"

Mutayoba alikubali. Na ukweli ni kwamba aliona nafuu, na ile nafuu ikamtia aibu.

Mazishi yalikuwa nyumbani Kisesa. Kija, mdogo wake Mashimba, alikuwa katibu wa kamati ya mazishi, na alikuwa katibu kwelikweli. Alimpigia Mutayoba kumwomba aje na ile stendi ya karatasi kubwa anayotumia kwenye warsha, ili ratiba iandikwe kwa herufi za kuonekana na isimamishwe karibu na jeneza. Kwa hiyo Mutayoba alifika na stendi begani na kalamu mfukoni, akaandika kwa mkono wake mzuri wa mchora ramani: chai, wasifu wa marehemu, ibada, kuaga, maziko. Aliisimamisha pale alipoonyeshwa. Kisha akaketi kwenye kiti cha plastiki karibu nayo, kwa sababu upepo wa ziwani ulikuwa unazipeperusha karatasi na mtu alitakiwa awepo wa kuzishika.

Hapo ndipo alipomsikia Mzee Maige. Mzee Maige alikuwa baba mdogo wa Mashimba na ndiye mwenye kauli katika ukoo ule, mtu mkavu mwenye koti zito na fimbo. Alikuwa ameambiwa kwamba watani wao wa Tabora gari limewaharibikia Nzega na hawatawahi.

"Msiba gani huu usio na mtani?" alisema kwa uchungu, hamlengi mtu. "Tunamzika mtu mkubwa kama tunafukia mbegu."

Watu wachache waliokuwepo Nyakato siku ile ya kipaza sauti waligeuza shingo, wakamtazama Mutayoba. Leonsia naye alimtazama, kutoka upande wa wanawake, na yeye kwa sababu tofauti.

Mutayoba akainuka kwenda kumpa Rebeka pole. Rebeka alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na jeneza, macho makavu, kichwani kajifunga khanga, mkononi karatasi ya wasifu aliyopewa aihakiki.

"Shemeji," alimwambia kwa sauti ya chini, "umeusoma huu?"

"Hapana."

"Nimeusoma. Mtu aliyemo humu simjui. Nimeishi na nani mimi miaka yote hiyo?" Aliikunja karatasi. "Nimejaribu kulia, nashindwa. Nitamliliaje mgeni?"

Mutayoba alimpa pole aliyokuja nayo. Alirudi kwenye kiti chake.

Kija alisimama kusoma. Ana sauti nzuri, alisoma vizuri, na kamati ilikuwa imejitahidi kuondoa lolote ambalo lingeweza kumkwaza mtu. Alisoma kuzaliwa, kubatizwa, shule, ndoa. Halafu akafika kwenye tabia.

"Marehemu alikuwa mpole, mnyenyekevu, na mtu wa maneno machache."

Mahali fulani nyuma mtu alikohoa.

Lazima mjue kwamba Mutayoba hakukusudia. Miaka mingi mtu akisema kwenye kipaza sauti na yeye yuko karibu na karatasi, mkono wake unakwenda wenyewe. Aliigeuza karatasi ya ratiba, ukurasa mpya ukafunguka, na kalamu ikaanza. Duara, mwili mnene, shati la maua, na mdomo umefungwa. Akaitazama. Hakuwa Mashimba. Alikuwa bwana yeyote mnene aliyesimama kituoni. Mutayoba akashtuka, maana aliona kwamba ndivyo itakavyokuwa: watamweka huyu bwana ardhini, kila mtu arudi nyumbani, na Mashimba atakuwa hajazikwa wala hayupo. Iliuma kuliko simu ya Rebeka.

"Marehemu," Kija aliendelea, "alijali sana muda."

"Kwa mfano?" Mutayoba akasema.

Alilisema kwa sauti ile ile ya warsha, bila kugeuka, kalamu hewani. Chini ya turubai vichwa viligeuka. Mchungaji aliinua kichwa. Leonsia alifumba macho, na akaamua kutoyafumbua.

Kija aliitazama karatasi yake. Mfano haukuwepo. Aligeuza ukurasa wa nyuma, na huko nako haukuwepo. Na ndipo Gladness, mwanakwaya wa Nyakato, mwanamke mpole ambaye hata kwenye kwaya husimama mstari wa nyuma, akajibu kutoka alipokaa, pengine kwa mazoea ya warsha.

"Kwa mfano, harusi yangu yeye ndiye alikuwa mshereheshaji. Alifika keki imeshaliwa. Akaagiza tuikate upya."

Kalamu ikashuka. Mutayoba akachora sahani yenye makombo, bibi harusi amejishika kiuno, na Mashimba anaingia mlangoni anatokwa jasho, mkono mmoja umeshika kipaza sauti, mdomo wazi mpaka masikioni. Na huyo sasa alikuwa yeye.

"Kwa mfano," sauti ya mwanamume ikasema, "msiba wa baba yangu alitukuta tunanawa, tumeshazika. Akalia kuliko sisi wafiwa, ikabidi tumbembeleze."

Mutayoba akachora. Watu walianza kusimama ili waone. Kija, kwa kutojua la kufanya, aliendelea na kilichoandikwa.

"Aidha, marehemu alikuwa mfugaji hodari."

Ng'ombe wanne wa Mashimba walikuwa wanajulikana Mwanza nzima kwa kutajwa, na hakuna aliyewahi kuwaona. Kila walipotafutwa walikuwa wamehamishiwa malisho ya mbali. Mutayoba aliwachora wote wanne, wakubwa, wenye mapembe, kwa mistari ya nukta nukta, vile mchora ramani anavyoonyesha jengo ambalo halijajengwa. Hata asiyewahi kuona ramani alielewa. Kicheko kilianzia kwa kina mama, ndani ya khanga, kikapita kwa wanaume, na kikazimika ghafla.

Mzee Maige alikuwa amesimama.

Alikuja mbele polepole mpaka kwenye stendi. Aliangalia picha, kisha mchoraji.

"Shikamoo, Mzee," Mutayoba akasema.

"Marahaba. Bhebhe, wewe ni nani hapa?" Hakupandisha sauti, wala hakuwa na haja. "Kilio cha mwanangu umekigeuza mchezo. Kama wewe ni mtani, sema, nami nitanyamaza, maana mtani hana kosa. Kama si mtani, umemtukana maiti mbele ya wazazi wake, na hatunyanyui jeneza hili mpaka jambo lako liishe."

"Mtani, Mzee."

"Wewe Mhaya. Mtani kwa upande upi? Kwa mama? Kwa baba? Kwa mababu?"

Hapo wote waliomfahamu Mutayoba walikata tamaa. Swali lilikuwa linataka jibu papo hapo, na Mutayoba papo hapo hana. Alitazama chini. Alitazama jeneza. Kuku akapita katikati ya watu akaenda zake.

"Kwa upande wa mdomo wake, Mzee," Mutayoba akasema. "Mimi nilikuwa upande wa masikio."

Uso wa Mzee Maige haukusogea. Fimbo yake ndiyo iliyosogea kidogo.

"Shahidi wako nani?"

Mutayoba hakutaja mtu. Lakini Rebeka alikuwa ameinuka pale kwenye mkeka. Mjane hainuki kirahisi, na wanawake wawili walimfuata wakidhani anaanguka. Hakuanguka. Alikwenda mpaka kwenye stendi, akasimama mbele ya ile picha, akaitazama kona hadi kona.

"Hawa ng'ombe wanne umewatoa wapi, nshomile?" akauliza. Hakuwahi kumwita hivyo kabla. "Wa kwake alikuwa mmoja. Na huyo alikuwa wa dada yake."

Alijiziba mdomo. Kicheko kilimtoka kwenye vidole, cha kweli, chenye sauti, na katikati yake kikageuka kilio, na kile kilio kilikuwa kikubwa kiasi kwamba turubai zima lililia naye, Mzee Maige pia, kasimama wima na fimbo yake. Rebeka aliweka kiganja kwenye karatasi, juu ya lile shati la maua.

"Ni yeye," akasema. "Huyu ndiye. Mzikeni huyu."

Kija aliikunja karatasi ya wasifu, akaitia mfukoni, akaketi.

"Basi," Mzee Maige alimwambia Mutayoba alipomaliza kujifuta. "Kama ni mtani, kazi ifanye yote. Huchagui nyepesi ukaacha nzito."

Mutayoba hakuelewa mpaka ibada ilipokwisha, watu wameaga, na jeneza limepanda mabegani kwenda kaburini nyuma ya nyumba, kwenye majabali. Hapo Mzee Maige alimsukuma kwa fimbo mpaka katikati ya njia. Mtani hulizuia jeneza. Husimama mbele yake akakataa lisipite, na wafiwa humbembeleza, humtukana, humpa anachodai, kuku au pombe au kofia ya marehemu, na akisharidhika hupisha. Ndivyo ilivyo. Mutayoba akasimama pale na urefu wake wote, mikono haijui pa kukaa.

"Haya, mtani," Mzee Maige akapaza sauti ili wote wasikie. "Umetuzibia njia. Unataka nini?"

Watu walianza kumsaidia, sasa wamechangamka, msiba umekuwa msiba.

"Mpeni kuku!"

"Mpeni lile shati la maua!" Kija akasema, na hata yeye alikuwa anacheka na machozi.

"Mpeni wale ng'ombe wanne awachunge!" Gladness akasema, na hapo wabebaji wenyewe wakatikisika, jeneza nalo likatikisika.

"Sitaki kitu, Mzee," Mutayoba akasema.

"Mtani hakosi cha kudai. Sema unataka nini ndipo tupite."

"Sitaki kitu," akarudia. "Sitaki tu apite."

Watu walicheka. Walicheka mpaka wengine wakashikana, na mchungaji akageukia pembeni, na wazee wakaambiana kwamba Mhaya huyu kumbe ni mtani wa haja, hata wale wa Tabora hawajawahi kuzuia jeneza kwa ukavu ule. Wakamsubiri asogee.

Hakusogea. Kicheko kikaendelea, kikapungua, kikaisha chenyewe. Wabebaji walibadilisha mabega. Leonsia alianza kupenya kati ya watu kutoka nyuma, lakini Rebeka alikuwa karibu zaidi. Alimfikia Mutayoba, akamshika mkono kwenye kiwiko.

"Shemeji," akasema, "wamechoka. Wapishe."

Mutayoba akawapisha.